SHAMBA LETU: Gugu Chawi, Mnyonyaji wa Mahindi

Mashariki mwa Uganda, kama vile Tororo na Busia, na ng'ambo ya mpaka magharibi mwa Kenya, liko gugu lenye maua mazuri ya zambarau ambalo limezilazimisha kaya nyingi kununua unga katika miezi ambayo ghala lingepaswa kujaa. Hilo ni gugu chawi, liitwalo pia kiduha.

Gugu hili hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama na wimbi na kuinyonya. Mahindi hudumaa na kuwa manjano kabla gugu lenyewe halijachomoza; si ajabu likaitwa chawi. Mche mmoja huzaa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10.

Mama aliyeachiwa shamba, mumewe akiwa kazini mbali, afanyeje?

Kwanza, aling'oe kabla halijachanua. Huenda mahindi ya msimu huu yasipone yote, lakini ya miaka ijayo yatanusurika. Lililokwisha kuzaa lichomwe moto. Ng'ombe asilishwe, kwani mbegu hurudi shambani pamoja na samadi.

Pili, atie samadi iliyooza vizuri, maana gugu hili hushamiri katika udongo uliochoka. Tena abadilishe mazao: maharage, karanga na muhogo hayashambuliwi nalo.

Tatu, iko njia ya vuta-sukuma, iliyobuniwa miaka ya 1990 na wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Kenya, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde. Mizizi yake huzifanya mbegu za gugu zichipue na kufa bila kupata pa kunyonya, na harufu yake huwafukuza nondo wazaao funza wa mabua. Pembezoni hupandwa majani ya tembo, yanayowavuta nondo hao watage huko, na funza wengi hufia humo. Majani yote mawili ni chakula cha ng'ombe. Mbegu za desmodiamu zikikosekana, omba vipande vya mashina yake kwa jirani.

Nawe askari uliye likizoni, shika jembe umsaidie mwenzio. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Juma lijalo: kuhifadhi nafaka ghalani.