Bure Isije Ikawa Bure

Neno bure lina sura mbili. Kitolewacho bila malipo ni cha bure. Jitihada isiyozaa tija nayo ni ya bure. Nisikiapo sifa za masomo huria ya mtandaoni, huikumbuka sura ya pili.

Wenyeji wa uwanda wa Makonde hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Udongo wa kule juu hunywa mvua isibakie hata kijito. Kwa miaka mingi kina mama wa Newala waliteremka mabondeni kuteka maji, kisha wakapanda mteremko ule ule wakiwa na mzigo kichwani. Maji hayakuuzwa, gharama ilikuwa njia.

Ndivyo ilivyo elimu hii. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kuyaweka masomo yake wazi kwa wote. Mwaka 2012 zikafuata Coursera na edX. Milango imefunguliwa kweli. Lakini kijana wa Masasi aliyeishia darasa la saba sharti anunue bando, kisha aukwee mlima mrefu zaidi: Kiingereza. Ajabu ni kwamba tangu mwaka 2017 msemaji wa Kiingereza hujifunza Kiswahili bila malipo kwenye Duolingo, ilhali mwenye Kiswahili chake hupata machache mno ya kujifunza kwacho.

Wako watakaosema kuwa Kiswahili hakijawa tayari. Mwaka 1973 kilikuwa tayari. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio, vijitabu na vikundi vya kusomea. Intaneti haikuwapo, kilichokuwapo ni lugha inayoeleweka na mwenzio wa kumwuliza. Masomo mengi ya mtandaoni hayana hata kimoja kati ya hivyo viwili, nami naamini hiyo ni sababu mojawapo ya wengi kujiandikisha na wachache kumaliza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kilitambua haja ya kuwa karibu na mwanafunzi, kikaweka vituo mikoani, Mtwara ikiwamo.

Hapa ndipo zamu yetu washairi inapofika. Twalalamika kwamba vijana hawajui mizani wala vina. Ni nani kati yetu aliyerekodi somo la dakika kumi kuhusu urari wa mizani, kwa sauti tu, katika faili dogo lisilomaliza bando, akaruhusu kila mtu alinakili? Mwalimu mmoja wa Kitangari akilipokea kwenye simu yake, darasa zima litalisikiliza chini ya mkorosho na kuulizana. Tukianza sisi, wajuzi wa hesabu, nyuki na kilimo watakuwa na mfano wa kufuata, na istilahi zitakomaa kwa kutumiwa, si kwa kufungiwa kabatini.

Tukikaa kimya, masomo haya yatabaki kuwa ya bure, kwa ile maana ya pili.