Mtoto wa Vita Hahitaji Fimbo

Zinapohesabiwa hasara za vita, hutajwa kwanza waliouawa, madaraja yaliyobomolewa na mashamba yaliyoteketezwa. Hasara iliyoingia katika nafsi za watoto hutajwa mwisho, au haitajwi kabisa. Wapo hata wanaoamini kwamba mtoto husahau upesi. Imani hiyo si ya kweli, na madhara yake ni makubwa.

Msumbiji ni shahidi. Katika vita vilivyoanza mwaka 1977 na kumalizika kwa mkataba uliotiwa sahihi mjini Roma tarehe 4 Oktoba, 1992, Renamo iliteka watoto vijijini, ikawapiga, ikawafundisha kutumia silaha na kuwalazimisha kuua. Mwaka 1988 wavulana 39 waliotoka katika makambi hayo, wenye umri wa kati ya miaka 6 na 16, walipokelewa katika kituo cha Lhanguene, Maputo. Baadhi yao walikuwa wakali. Baadhi walijitenga na kila mtu.

Yaliyofuata ni somo kwa kila mlezi. Kituoni watoto hao waliwekewa utaratibu wa kila siku, wakacheza, wakachora, wakaongozwa na watu wazima wasiowatisha. Baada ya miezi 6 walirejeshwa kwa jamaa zao. Huko nyumbani majirani waliwapokea, wazee wakawafanyia matambiko ya kuwatakasa, na baadhi wakafundishwa kazi za mikono. Wataalamu waliwafuatilia kwa miaka 16. Waligundua kwamba wengi wao wamekuwa watu wazima wanaojitegemea na kulea watoto wao vyema. Hakuna aliyesahau yaliyompata, lakini ni wachache tu walioelemewa nayo daima.

Bibi Graça Machel, Waziri wa kwanza wa Elimu wa Msumbiji huru, aliueleza Umoja wa Mataifa jambo hilo hilo katika ripoti yake ya mwaka 1996 kuhusu watoto na vita: kwamba uponyaji wa mtoto hauna budi kujengwa juu ya familia, jumuiya na shule.

Somo hilo linaihusu Tanzania moja kwa moja. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, mashambulizi yaliyoanza Cabo Delgado Oktoba 2017 yamewafukuza makwao mamia ya maelfu ya watu, na wengine wamevuka mpaka.

Mtoto aliyepitia hayo huweza kushtuka mlango unapobamizwa, kusinzia darasani kwa sababu usiku huota jinamizi, au kukaa kimya anapoulizwa swali. Mwalimu asiyejua humwita mkaidi au mvivu, akachukua fimbo. Fimbo hiyo humrudisha mtoto kule kule alikokimbia. Naye ofisa anayemwacha mtoto nje ya darasa kwa kukosa cheti cha shule iliyochomwa moto humnyima dawa iliyo karibu naye kuliko zote.

Nchi iliyowapokea wapigania uhuru wa Msumbiji haikosi utu wa kuwapokea watoto. Kinachotakiwa ni utu huo ufike mpaka darasani na kwenye meza ya ofisa: ratiba isiyobadilika ovyo, sauti ya upole, muda wa kucheza, na subira. Mkataba wa amani hutiwa sahihi siku moja. Amani ya mtoto hujengwa kila siku, na mwalimu ni mmoja wa wajenzi wake wakuu.