Mtoto Aambiwe Kifo kwa Jina Lake
Msiba unapoingia nyumbani, wakubwa huwaambia watoto kwamba bibi "amesafiri" au "amelala". Nia ni njema, lakini mtoto wa miaka 4 huyachukua maneno kama yalivyo: atamngoja mlangoni, au ataogopa kulala. Katika umri huo bado haelewi kuwa aliyekufa harudi. Wengi huelewa wanapokaribia miaka 7.

Hata wakiambiwa ukweli, watoto hawafanani. Mdadisi atauliza swali lilelile mara kumi. Mchangamfu atalia kidogo, kisha akimbilie mpira. Huyo hakukosa upendo. Mkimya atanyamaza, nasi tutamsifu kuwa amekomaa. Hapo ndipo tunapokosea. Huenda kimya chake kinaficha hofu kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo, kwa kuwa aliwahi kumkasirikia marehemu.

Kwa hiyo mzazi na mhudumu wa afya wasipime huzuni kwa machozi. Wamwambie: "Bibi amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi. Si kosa lako." Neno hilo si ukatili; mtoto aliyeona kuku akifa analijua. Kisha wakae naye, aulize kwa wakati wake.