Neno la Barazani Lipimwe

Katika Chang'ombe, Dodoma, kama katika mitaa mingine ya nchi yetu, jioni ni wakati wa mazungumzo. Watu huketi barazani, redio ikinguruma pembeni, na kila habari hupata waamuzi wake: mvua itanyesha au haitanyesha, mwenyekiti wa mtaa anafaa au hafai. Hilo ni jambo jema, kwani wananchi wasiozungumza mambo yao huachia wengine kuyaamua.

Lakini hatuna budi kusema wazi kwamba maoni ya barazani hayabaki barazani. Kukicha huenda shambani, huenda kituoni siku ya kura, na huenda hadi ukingoni mwa korongo ambako mtu ameamua kujenga nyumba yake.

Tuanze na mvua. Dodoma ni nchi kame. Hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hakuna msimu wa pili wa kusahihisha makosa ya ule wa kwanza. Ugogo iliwahi kupatwa na Mtunya, njaa kuu, na wakulima wa huku wana sababu ya kuthamini mtama na uwele, mazao yanayovumilia ukame. Hata hivyo wako watu, wakiwamo watumishi wenye mishahara, wanaojaza shamba zima mahindi kwa kuwa jirani amesema "mwaka huu mvua ni nyingi". Ukimwuliza jirani huyo alisikia kwa nani, hakumbuki. Mahindi yakinyauka Februari, anayelala na njaa si msemaji bali mtoto wa aliyesadiki.

Upande wa pili ni dharau. Agosti, 2023, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kuwapo kwa El Niño na kutahadharisha juu ya mvua kubwa za vuli. Mvua hizo zilikuja. Tarehe 3 Desemba, 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliangukia Katesh, katika Mkoa wa Manyara ulio jirani yetu, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba kila kifo kingeepukika. Tunasema kwamba utabiri si ramli. Hutokana na vipimo vya joto la bahari na mwenendo wa upepo, nao hutolewa kwa lugha ya uwezekano. Asiyeelewa lugha hiyo huuita uongo siku mvua isiponyesha uani kwake.

Kura nayo ina kanuni hiyo hiyo. Katika Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 27 Novemba, 2024, wapiga kura waliandikishwa katika orodha ya mtaa wao kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Orodha hiyo haikuwa Daftari la Kudumu. Aliyeambiwa barazani kwamba kadi yake ya zamani inatosha, akasadiki, alijinyima kura mwenyewe. Vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Lalamiko la namna hiyo ni zito, nalo linastahili kujibiwa kwa sheria na kwa hoja, si kwa kejeli za kijiweni.

Na mambo haya mawili hukutana mlangoni petu. Penye nyumba zilizobanana, mfereji ulioziba takataka huingiza maji ndani hata kwa mvua ya kawaida. Mfereji huo ni ajenda ya mkutano wa mtaa. Asiyehudhuria mkutano, asiyepiga kura, kisha akailaumu mbingu, hajatoa maoni. Amepiga kelele tu.

Tunawageukia walimu na watumishi wa umma. Neno lenu lina uzito mtaani kwa sababu watu wanaamini kwamba mmesoma. Basi kabla ya kulitamka, jiulizeni: nimelisikia kwa nani, lini, na ninaweza kulithibitisha wapi? Kila shule inaweza kuweka kipimamvua, hata cha kutengeneza kwa kopo, watoto wakaandika vipimo kila asubuhi na kuvibandika ukutani. Katika miaka michache mtaa utakuwa na kumbukumbu yake wenyewe, na mzee atakayesema "mvua ya zamani ilikuwa nyingi kuliko ya sasa" ataonyeshwa daftari.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kupanda, kujenga na kuchagua kwa neno lisilo na mwenyewe.