Mtengeneza michezo ya kompyuta si mcheza kamari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowasumbua baadhi ya vijana hapa Bonga, katika mji wa Babati. Mimi ni fundi wa redio na simu. Jioni, kazi ikiisha, hutengeneza michezo ya kompyuta kwa kujifurahisha, na wapo vijana wachache wanaokuja kibandani kwangu kujifunza.

Tatizo letu ni neno lenyewe. Mzazi akisikia mwanawe anashughulika na "gemu", mawazo yake yanakwenda kwenye zile mashine za dubwi zinazomeza sarafu za shilingi mia mbili, na simu inanyang'anywa usiku huo huo. Siwalaumu wazazi, kwa sababu mashine zile zimewala watoto wengi. Lakini kamari ina sheria yake ya mwaka 2003 na ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya kuisimamia. Kijana anayetengeneza mchezo hatafuti bahati. Anafanya hesabu.

Nieleze kidogo. Tuseme anataka kiboko wa Ziwa Babati akwepe nyavu za wavuvi. Kiboko huyo ndani ya simu ni namba mbili tu, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini. Kidole kikigusa kulia, namba ya kwanza inaongezeka. Kikigusa kushoto, inapungua. Kisha, kama mara sitini kwa kila sekunde, programu inauliza: je, kiboko amegusana na wavu? Kama ndiyo, mchezo umekwisha. Hayo ni mambo ya grafu, yale yale ambayo vijana wetu husinzia wakifundishwa ubaoni. Nimemwona mmoja aliyekuwa akichukia hisabati akikesha kutafuta kwa nini kiboko wake anapaa angani!

Kwa anayetaka kuanza, vifaa si ghali kama wengi wanavyodhani. Ipo programu iitwayo Godot, ambayo tangu mwaka 2014 hutolewa bure kwa yeyote, na siku hizi inafanya kazi hata kwenye simu ya Android. Ukishaipakua huhitaji intaneti tena. Shida kubwa huwa ni tamaa. Wengi wanaanza kwa kutaka mchezo wa mpira wenye timu zote za Ligi Kuu, na baada ya mwezi hawana hata mchezaji mmoja anayekimbia. Hata bao lisikudanganye. Kupanga mashimo 32 na kete 64 ni kazi ya siku moja, lakini kuifundisha kompyuta taratibu za nyumba na za kutakata kutakutoa jasho. Anza na kiboko. Mmalize kwa wiki mbili, mpe jirani achezee, nawe ukae kimya umtazame anakwama wapi. Usimwelekeze hata kidogo, kwani huko nje hutakuwepo kumwelekeza kila mchezaji.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Wesley Kirinya wa Kenya alitoa mchezo wake, The Adventures of Nyangi, mwaka 2007. Na yuko Lual Mayen, mtoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kambini hakukuwa na umeme, ikabidi kijana atembee kama saa tatu kwenda kuichaji. Mchezo wake wa kwanza aliwagawia wenzake kambini kwa Bluetooth, simu kwa simu. Mchezo wenyewe aliuita Salaam, nao ni wa kuhimiza amani. Mwaka 2018 alipewa heshima huko Los Angeles katika The Game Awards.

Sisi wa Bonga hatutembei saa tatu kutafuta umeme. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, inapita hapa hapa. Tunachokosa ni mashine. Kuweka mchezo kwenye duka la Google kunadai dola 25 mara moja tu, na mwenye akaunti mpya ya binafsi anatakiwa kwanza awe na watu 12 wa kuujaribu kwa siku 14. Watu 12 tunao hata sasa, na dola hizo tutachanga wakati wa mavuno. Kompyuta hatuwezi kuichangia.

Kinachosikitisha, Ndugu Mhariri, ni kwamba kompyuta zipo. Katika shule moja ya huku kwetu zimefunikwa vitambaa, mlango una kufuli, na tukiuliza tunaambiwa zitaharibika. Mimi ni fundi na najua vumbi linavyoua mashine iliyolala. Nawaomba wahusika katika Halmashauri ya Mji wa Babati wafikirie kufungua chumba kama hicho jioni mbili kwa wiki, chini ya mwalimu, na vijana waandikishwe majina. Umeme watakaotumia tuko tayari kuulipia, na kifaa kitakachoharibika nitakitengeneza mimi bila malipo. Je, ufunguo uko kwa nani?

Fundi Simu,
Bonga, Babati.