Si kila sumu ya bahari hufurikisha kalsiamu kwenye seli
Maitotoksini, sumu ya vijimea vya Gambierdiscus, hufungulia kalsiamu iingie kwenye seli bila kizuizi hadi seli ife. Lakini si sumu zote za baharini zilivyo hivyo. Sumu ya konokono Conus magus wa Pasifiki hufanya kinyume kabisa: huziba milango ya kalsiamu ya aina ya N kwenye ncha za neva ndani ya uti wa mgongo. Kalsiamu isipoingia, vifuko vya kemikali za kupasha habari havimwagiki, na taarifa ya maumivu hukwama njiani. Sumu hiyo ndiyo asili ya zikonotaidi, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Haimezwi, hupitishwa kwa mrija mwembamba hadi kwenye maji ya uti wa mgongo. Wanaoiita mofini ya baharini wamepotoka, maana haigusi kabisa vipokezi vya mofini.