Dawa za Nini Tena? Barua kwa Ukoo Wangu wa Tanga

Ndugu zangu wa Tanga, Muheza, na nyinyi mliohamia Mombasa,

Huku Leicester baridi imeanza kutubana, na saa kumi jioni giza limeshaingia.

Nimezisikiliza sauti zote zilizotumwa kwenye grupu tangu kijana wetu atoke hospitali. Nimefurahi kusikia anakula, anacheka, na fundi wake amempokea tena gereji. Lakini kuna sauti moja, na aliyeituma anajijua, iliyouliza: sasa amepona, dawa za nini tena? Si zitamharibu figo? Wengine sita wakaitikia amina. Ndiyo hiyo iliyonikalisha chini. Kijana nimemwomba ruhusa ya kuandika habari zake, akakubali mradi nisimtaje jina. Naandika wazi ili asome yeyote mwenye mtu wa namna hiyo nyumbani, maana najua hatuko peke yetu.

Nianze na langu. Mwaka ule mlipoambiwa nimelazwa kwa uchovu wa kazi, nilikuwa wodi ya magonjwa ya akili. Nina bipola. Ugonjwa huu humpandisha mtu mpaka halali na hachoki, akajiona ana uwezo wa kununua mtaa mzima. Kisha humshusha mpaka kuoga kukawa kazi ya kutwa. Ndio aliokutwa nao kijana wetu. Kwa hiyo nisemapo habari za dawa sisemi kama msomi, nasema kama mmezaji.

Bipola haiondoki. Inatulizwa, na ikitulizwa vizuri mtu anafanya kazi, anaoa, analea, anazeeka. Tatizo la dawa yake ni kwamba ikifanya kazi vizuri huonekana haina kazi. Mgonjwa ametulia, nyumba imetulia, na hapo ndipo watu huona vidonge ni gharama ya bure. Wakiviacha, wiki za mwanzo hazionyeshi kitu, kila mtu anaamini alikuwa sahihi. Ugonjwa unarudi baadaye, na mara nyingi unaporudi hakuna anayekumbuka kuuhusisha na vidonge vilivyoachwa.

Mimi nameza lithiamu kila usiku. Ni madini, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye betri za simu zenu. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, aliandika kwamba wagonjwa wake waliokuwa katika vurugu walitulia walipopewa. Dunia haikuharakisha, Marekani iliiruhusu rasmi mwaka 1970. Ni dawa ya zamani, rahisi, haina kampuni inayojisumbua kuitangaza, na hadi leo ni miongoni mwa zinazoaminiwa zaidi kuzuia bipola isirudi na kupunguza vifo vya kujiua. Ina ukali wake. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana, ndiyo maana napimwa damu mara kwa mara, na pamoja nayo figo na tezi ya shingo. Aliyetaja figo hakusema uongo mtupu: lithiamu ikitumika miaka mingi inaweza kuzigusa. Jibu lake ni kipimo, siyo kuitupa.

Ila kijana wetu hakuandikiwa lithiamu. Huko nyumbani, ukitoka kwenye hospitali kubwa, lithiamu na kipimo chake ni adimu, na madaktari wengi huandika kabamazepini au valproeti, dawa zile zile mnazoziona kwa wenye kifafa. Yeye amepewa kabamazepini. Wajibu wenu hapo ni mwingine kabisa: akitokwa na vipele mwilini, hasa vikija na homa au vidonda mdomoni, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Na wenye mabinti sikieni: valproeti isimezwe na msichana anayeweza kushika mimba kabla daktari hajazungumza naye, kwa sababu inadhuru mtoto tumboni.

Kwa wale wachache wanaotumia lithiamu kama mimi, diklofenaki na ibuprofeni, tunazonunua duka la dawa bila cheti kila mgongo ukiuma, huipandisha kwenye damu. Vidonge vya presha vya kukojoza hufanya vivyo hivyo. Kadhalika kuharisha, kutapika, na kutoka jasho bila kunywa maji. Mikono ikitetemeka kuliko kawaida, mtu akayumba na ulimi ukawa mzito, ni kwenda hospitali, si kwenda kulala. Kuhusu funga, kijana wetu amuulize daktari kabla Shaabani haijaisha. Dini imempa mgonjwa nafasi yake, na Mama Mdogo asimtupie jicho la pembeni akimkuta na glasi ya maji mchana.

Sasa niwaambie kilichonirudisha wodini mara ya pili, maana hakikuwa kidonge. Ilikuwa zamu ya usiku. Wengi wetu huku tunaishi kwa kutunza wazee wa watu. Zamu ya usiku ina nyongeza ya malipo, na nyongeza hiyo ndiyo mabati mnayoezekea. Kwa mwenye bipola, kukosa usingizi si dalili tu ya ugonjwa kupanda, mara nyingi ndiko kunakoupandisha. Uingereza ina Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inayomtaka mwajiri afanye marekebisho yanayowezekana kwa mfanyakazi mwenye ulemavu, na ugonjwa wa muda mrefu kama wangu unaweza kuhesabiwa humo. Muuguzi wangu aliandika barua, nikahamishiwa mchana, mshahara ukapungua. Mnakumbuka pesa za kisima zilivyochelewa? Zilichelewa kwa sababu hiyo, na sina la kuomba radhi.

Huko kwenu usingizi una maadui wake: mikesha ya harusi, vigodoro, matanga, simu chini ya shuka. Sisemi kijana afungiwe ndani. Aende harusini, ale pilau, na saa nne usiku mtu amrudishe nyumbani pasipo kumtania kwamba amekuwa mtoto. Saa ya kulala na saa ya kuamka zisibadilike, hata Jumapili. Mirungi aikome, kazi yake ni kumfanya mtu asilale, iwe imepigwa marufuku kama kwenu Tanga au inauzwa hadharani kama Mombasa. Bangi vile vile. Kahawa ya kijiweni naiogopa kuisema, nisije nikafukuzwa mjini, ila basi iwe ya asubuhi.

Na mwili wake msiusahau. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi wao huuawa na maradhi ya kawaida ya mwili, kama ya moyo, ambayo yangeweza kuzuilika. Baadhi ya dawa zenyewe hunenepesha na kupandisha sukari. Kwa hiyo kliniki ombeni apimwe presha na sukari, asipewe tu vidonge vya mwezi na kuambiwa kwaheri. Jioni atembee. Kutoka Ngamiani mpaka Raskazone na kurudi panamtosha.

Linalonikaa zaidi moyoni ni mdomo wa nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanasosholojia George Brown na wenzake wa London waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za akili. Walikuta jambo ambalo halikutarajiwa: waliorudi kwa wazazi au wake zao walikuwa na hali mbaya kuliko waliokwenda kupanga chumba au kuishi na kaka na dada. Tafiti zilizofuata zikaonyesha sababu. Nyumba zenye lawama, chuki, na hata ile huruma ya kupindukia ya kumlinda mtu mzima kama mtoto mchanga, ndizo zilizowarudisha wagonjwa hospitali. Walianza na skizofrenia. Baadaye likaonekana hilo hilo kwenye bipola na sonona.

Halafu sikilizeni hili, kwa sababu linatuhusu. Miaka ya 1990 mtafiti Mmarekani, Juli McGruder, alikaa Zanzibar na familia zilizokuwa na wagonjwa wa skizofrenia. Katika baadhi ya nyumba hizo maradhi yalihesabiwa kuwa ya pepo, na kwa kuwa ni ya pepo hakuna aliyemlaumu mgonjwa. Hakuwekwa kitako aeleze kwa nini yuko hivyo. Siku akiwa sawa alikuwa sawa, siku akizidiwa alizidiwa, na watu waliendelea na shughuli zao naye akiwamo. Huo utulivu ndio ambao wataalamu wa London walikuwa wakiutafuta kwa vipimo.

Mimi sina hakika na mambo ya pepo, na kwa umri wangu sitabishana na Bibi. Lakini faida iliyomo naiona: mtu anaondolewa hatia ya ugonjwa wake. Balaa linaanza pale mganga anapotaka dawa za hospitali ziachwe ili zake zifanye kazi, au mtu anapofungwa mnyororo na kuchapwa eti kinachopigwa si yeye. Dua na kombe havigombani na kabamazepini. Mizizi ya kuchemsha isiyojulikana jina, hiyo ulizeni kwanza hospitali. Na mchungaji au sheikh akisema vidonge ni upungufu wa imani, mwulizeni yeye miwani anavaa ya nini.

Msidhani huku ni peponi. Dawa zipo, vipimo vipo, sheria ipo, ila Sheria ya Afya ya Akili huwaweka watu weusi hospitalini kwa nguvu zaidi ya mara tatu kuliko weupe, na wengi wetu hufika tukiwa tumeletwa na polisi, si na shangazi. Ukitoka unarudi kwenye chumba ambacho hakuna wa kukuuliza kama umekula. Kinachonishika ni kikundi cha wenye ugonjwa wetu. Bipolar UK na asasi nyingine huviendesha. Tunakaa ukumbini na chai, hakuna daktari, na mtu anaweza kusema ameanza kulala saa mbili tu bila mwenzake kushtuka. Nyumbani nako tiba isiyo ya vidonge si ngeni. Lutindi, kule milimani Korogwe, hospitali ya Walutheri imewatunza wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani, na kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya matibabu. Fundi aliyemrudisha kijana gereji amefanya tiba bila kujua. Mshukuruni, na msimwambie ampe kazi nyepesi za kumwonea huruma.

Kaeni naye sasa, akiwa timamu, awaambie mwenyewe dalili zake huanzaje. Zangu ni kuongea haraka, kupiga simu usiku wa manane na kugawa pesa. Zake huenda ni nyingine. Akubaliane nanyi nani amwambie bila kugombana, nani amshikie pesa, nani ampeleke. Akianza kusema afadhali afe, msimwache peke yake, ondoeni sumu ya wadudu ya shambani na vidonge vya ziada, mpelekeni hospitali. Kuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpi mtu wazo hilo. Wala msifiche kwa kuogopa polisi. Nyinyi wa Mombasa, Mahakama Kuu ya Kenya mwezi Januari 2025 ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa jinai, kinakiuka katiba.

Limebaki la fedha. Ukoo wetu unajua kuchangishana. Harusi ya mwaka jana ilikuwa na kamati, mwenyekiti, mweka hazina na daftari, na misiba hatujawahi kushindwa kuisimamia. Kwa mgonjwa wa akili aliye hai hatuna hata ukurasa. Mara nyingi dirishani huambiwa dawa zimeisha, mkanunue nje, na hapo mama yake peke yake ndiye hutafuta pa kukopa. Dozi mbili tatu zinarukwa, kisha tunaitana kuchangia gari la kumpeleka hospitali akiwa amefungwa kamba, kwa pesa ambayo ingenunua vidonge vya miezi.

Ninachoomba ni hiki. Katika mchango wa kila mwezi wa grupu litengwe fungu la dawa zake na nauli yake ya kliniki, na dawa inunuliwe wiki moja kabla ya kwisha. Mimi nitaanza na sehemu yangu mwezi huu, kwa namba ya Shangazi, kwa sababu daftari lake halijawahi kupotea. Tena pesa isipitie kwa kijana wala isiwe siri kwake. Aambiwe ni kiasi gani na imetoka kwa nani.

Kadi yake ya kliniki inaonyesha anatakiwa mwanzo wa mwezi ujao. Nani anakwenda naye? Andikeni jina kwenye grupu.

Ndugu yenu,
Leicester